Kanga Mbili na Mbwa wa Shamba la Mkonge

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi ya mifugo mlinipa kiti cha mbele, soda, na nafasi ya kusema maneno machache. Nikasema asanteni, nikakaa. Mmoja wenu akanifuata hadi mlangoni akauliza, "Bibi, ni kweli zamani ulilea mbwa nyumbani kwako, Bagamoyo hii hii, na watu wasikukataze?" Swali lile halikuwa la kujibiwa mlangoni, ndiyo maana nimekaa kuandika. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Mwenye hamu nazo akaulize masijala.

Nilianza kazi miaka ya mwanzo ya uhuru, nikiwa msichana wa miaka kama kumi na saba. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, mama alipoanza kuugua, na baba alikuwa ametangulia. Mama alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu alikuwapo Rehema, kisha Shomari, kisha Hamisi ambaye bado alikuwa akibebwa mgongoni. Arobaini ilipokwisha, ndugu walikaa barazani kuwagawa watoto. Rehema aende Pangani kwa Baba Mdogo, Shomari avuke Unguja kwa shangazi, Hamisi apelekwe Dar es Salaam kwa watu ambao mimi sikuwahi kuwaona. Mama alikuwa ameniambia neno moja kitandani: "Usiache wakagawanywa." Nikatoka ndani, nikasimama mbele ya wanaume wale, nikasema watoto nitawalea mimi.

Baba Mdogo ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Alikuwa mfanyabiashara wa Pangani, mtu wa maneno machache, na hakuna aliyewahi kumwona amechelewa swala. "Haya, wakae na wewe," akasema. "Lakini siku nitakayofika hapa nikakosa mahali safi pa kutandika msala wangu, naondoka nao wote." Nilikubali upesi. Sikujua bado Mungu ameniandikia kazi gani.

Kazi niliyoipata ilikuwa kufagia ofisi ya mifugo. Msaidizi wa mifugo wakati huo alikuwa Mzee Semkiwa, Mzigua wa upande wa Saadani, mfupi, mwenye kaptura ya kaki na soksi ndefu hata siku za jua kali. Alizungumza na ng'ombe kwa Kizigua na watu kwa Kiswahili, akisema ng'ombe ndio wanaomwelewa. Siku yangu ya kwanza nilikuta mbwa jike amelala juu ya gunia, sikio moja limeoza, funza wanatembea ndani yake. Nilikuwa na ufagio mkononi.

"Weka hicho, shika kichwa," Mzee Semkiwa akasema.

"Mzee, nina udhu."

"Udhu utarudi leo hii hii. Sikio hili likienda halirudi."

Nikashika kichwa. Yeye akachukua kibano akaanza kutoa funza mmoja mmoja, akiwadondoshea katika kopo la mafuta ya taa. Nilitegemea kung'atwa. Yule mbwa alinitazama tu, akapumua kwa nguvu, kisha akaulegeza uzito wa kichwa chake chote katika viganja vyangu. Mpaka leo sijui jina la kitu kilichonipata pale. Nilikuwa nimelelewa kumpisha mbwa njiani, na nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba naye anaweza kumwamini mtu.

Mnapaswa kujua hali ilivyokuwa. Kwa hofu ya kichaa cha mbwa, mbwa asiye na mwenyewe alipigwa risasi, na huo ulikuwa utaratibu. Wakati huo huo, wakulima wa Makurunge na wa ng'ambo ya mto Wami walikuwa wakija ofisini kulia kwamba nguruwe na nyani wanamaliza mahindi, na mbwa wa kulinda hawana. Mzee Semkiwa aliona ni upuuzi kuua huku kinachotakiwa kule. Tatizo ni kwamba wengi wa mbwa waliookotwa walikuwa wagonjwa au wameharibiwa na watu, na ofisi haikuwa na mahali pa kuwaweka mpaka wapone. Mimi nilikuwa na nyumba ya marehemu baba, mwisho wa mji, njia ya Kaole, na uani kulikuwa na banda la mbuzi lisilo na mbuzi. Mfagiaji alikuwa kibarua, leo yupo kesho hayupo. Mlezi wa mbwa alihitajika kila siku. Kwa hiyo mbwa ndio walioniwezesha kukaa na wadogo zangu, na mbwa hao hao ndio walioweza kunipokonya wadogo hao. Nililijua hilo tangu mwanzo.

Kabla ya kumchukua hata mmoja nilikwenda kwa mwalimu wa chuo aliyewasomesha wadogo zangu Kurani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nasikia unataka kufuga."

"Si wangu, Mwalimu. Ni wa mashamba. Kwangu watapita tu."

Akafikiri. "Mbwa wa shamba na wa mifugo ana ruhusa. Asiingie ndani. Na mate yake unaijua hukumu yake."

"Kuosha mara saba, moja kwa udongo."

"Sasa umekuja kuniuliza nini? Nenda kafanye kazi."

Nikaweka taratibu zangu, na nyie mnaocheka mnapovaa makoti meupe, koti langu lilikuwa kanga. Nilikuwa na kisutu kikuukuu cha kazi ya mbwa, ambacho hakikuvaliwa kwa jambo jingine. Kilianikwa kwenye kamba yake nyuma ya banda. Nguo za nyumbani zilikuwa na kamba yao upande wa jikoni. Kila jioni, baada ya dawa na chakula, nilivua kisutu, nikakaa kwenye jiwe lililokuwa kati ya banda na nyumba, nikaosha mikono na miguu kwa kata, mara saba, moja kwa udongo safi niliouweka kwenye kopo. Kisha nilijitanda kanga safi nikaingia kwa wadogo zangu. Ua wa upande wa nyumba niliufagia kila asubuhi mpaka mistari ya ufagio ionekane. Upande wa banda sikuufagia kwa ufagio ule.

Chakula chao kilikuwa machicha ya nazi yaliyochemshwa na vichwa vya samaki na pumba. Majirani walianza kuniletea machicha yao, wakiyaacha mbali kama wanaoweka mtego. Ukurutu niliutibu kwa kiberiti upele kilichochanganywa na mafuta ya nazi. Kinanuka, lakini mbwa mwenye ukurutu naye hanukii. Vidonda nilivisafisha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Mzee Semkiwa alinifundisha kwamba mbwa aliyepigwa usimwendee uso kwa uso. Kaa chini, mpe mgongo, fanya shughuli yako. Nilichambua mchele mwingi sana nikiwa nimewapa mbwa mgongo.

Walipita wengi. Kulikuwa na jike kipofu aliyejua hatua za kila mmoja wetu na kutikisa mkia kabla mlango haujafunguliwa. Kulikuwa na mmoja mwenye kifafa, ambaye mkulima wa Mapinga alimchukua baada ya kuelezwa yote, akasema hata shemeji yake anacho na analima vizuri. Watoto wa mtaani wakaniita Mama Mbwa. Jina hilo nimestaafu nalo.

Kisha akaja Katani.

Mashamba ya mkonge yalipobadilisha mikono, mabwana wengine waliondoka na kuacha mbwa wao wa ulinzi. Mmoja alikutwa amefungwa kwenye nguzo ya ghala, shamba moja ambalo sitalitaja. Alikuwa amefungwa mnyororo akiwa mdogo, na hakuna aliyeulegeza alipokuwa akikua, hivyo nyama ya shingo ilikuwa imeumeza. Rangi yake ilikuwa ile ya nyuzi za mkonge zilizoanikwa, ndiyo maana Shomari akamwita Katani. Alikuwa amefundishwa kuwashika wakata mkonge kwa meno. Mzee Semkiwa alikata mnyororo ule kwa koleo, mimi nimemlalia mbwa ubavuni, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa. Ilichukua muda mrefu. Alipomaliza, mzee aliketi chini akafuta uso, akasema, "Huyu akiuma mtu mmoja tu, nitalazimika kumpiga risasi mwenyewe. Unasikia, binti? Mmoja tu."

Wiki za kwanza Katani alikuwa akingurumia hata kata ya maji. Nikampa mgongo, nikachambua mchele. Siku moja nikasikia pumzi kwenye kiwiko changu, na pua baridi. Sikugeuka. Baadaye aliniruhusu nimsafishe shingo, halafu akawa anaileta mwenyewe, analaza taya yake juu ya goti langu lililofunikwa kisutu, anafumba macho wakati chumvi inamchoma.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Jioni moja, nilipokuwa nimekwisha kuosha na kujitanda kanga safi, niligundua nimesahau kufunga mlango wa banda. Katani alikuwa ametoka. Nilisimama nikamngojea anirukie kama kawaida yake. Akaja mbio, akafika pale mistari ya ufagio ilipoanzia, akasimama. Akanusa hewa. Akalala chini papo hapo, mkono mmoja tu kutoka kwenye upindo wa kanga yangu, akaelekeza mdomo wake ukutani.

Nikadhani anaumwa. Kesho yake nikaacha mlango wazi kwa kusudi, na keshokutwa yake. Nikiwa na kisutu, alinilalia magotini. Nikivua, nikiosha, kata ya mwisho ikimwagika, alijivuta nyuma mwenyewe. Hakuna aliyemkemea. Hakuna aliyemchapa, kwangu hakupigwa hata kwa jani. Alikuwa amekaa bandani akinitazama kila jioni, akajifundisha kwamba kuna wakati mimi ni wake na kuna wakati sipaswi kuguswa. Nilimweleza Mzee Semkiwa, nikitegemea anicheke. Alivua kofia. Akasema amefanya kazi ya wanyama tangu ujana wake na bado wanyama hawajamaliza kumshangaza.

Masika yakaingia. Alasiri moja mvua ilishuka ghafla nami niko ofisini. Jirani yetu Bi Tatu, mwanamke mwema, alifanya ambalo jirani yeyote angelifanya: alikimbilia uani kwetu akaanua nguo. Akaanua kamba zote mbili. Akakunja zote pamoja, akaziweka ndani kwenye kikapu kimoja.

Mvua ilipokatika, Rehema akawa amechelewa chuoni. Alichukua kanga ya juu kwenye kikapu, akajitanda, akatoka kupitia uani. Ilikuwa kisutu. Katani alikuwa nje ya banda, kwa sababu siku hizo nilikuwa nimeacha kumfunga. Akaona kisutu, akanusa kisutu, akaja mbio kwa furaha akamtumbukizia Rehema pua na ulimi kiganjani. Rehema akapiga ukelele uliosikika mtaa mzima. Kabla sijafika nyumbani, Bagamoyo yote ilikuwa inajua kwamba mbwa wa mkonge amemrarua yatima.

Mzee Semkiwa alikuja, akaugeuza mkono wa Rehema juu na chini. Hapakuwa na alama hata ya jino. "Hakuniuma, Babu," Rehema akasema kwa sauti ndogo. "Amenilamba tu." Alikuwa amekwisha kuosha mara saba, na kwa hofu akaongeza mara nyingine saba.

"Mimi nimeona," Mzee Semkiwa akaniambia. "Lakini maneno yamekwisha kutoka, na yatafika Pangani kabla ya mimi kufika ofisini."

Yalifika. Baba Mdogo alikuja mwenyewe, bila kuleta taarifa, msala umekunjwa kwapani. Hakuingia ndani. Alimwambia Rehema afunge nguo zake na za wadogo zake, kisha akaketi kwenye kiti uani. Rehema alifunga mzigo huku akilia bila sauti. Mimi nilikuwa nimetoka kuosha, nimejitanda kanga safi.

"Yuko wapi huyo mnyama?"

"Bandani, Baba."

"Amefungwa?"

"Tangu maneno yale yatoke namfunga."

"Mfungulie."

"Baba Mdogo..."

"Nimeambiwa nyumba hii haina mahali pa kuswali. Nataka nione mwenyewe. Alasiri imeingia. Mfungulie."

Alitandika msala wake katikati ya mistari ya ufagio. Nikaenda bandani. Fundo la kamba likanishinda, nikalitumia jino. Nilijua kwamba Katani akiweka wayo mmoja tu juu ya msala ule, wadogo zangu wanaondoka, na neno nililopewa na mama linaishia pale.

Katani akatoka. Akajikung'uta. Akamwona mgeni, na manyoya ya mgongoni yakasimama, maana sauti ya wanaume ilikuwa bado ina mnyororo ndani yake. Akaenda taratibu mpaka ukingo wa sehemu iliyofagiliwa. Baba Mdogo alikuwa amekwisha kuhirimia swala. Hakugeuka, ila niliona shingo yake imekakamaa. Mbwa akanusa. Akalala. Akaelekeza mdomo ukutani, akakaa hivyo rakaa zote, sikio moja likifuata sauti ya nguo kila mtu yule alipoinama na kuinuka.

Baba Mdogo akatoa salamu, kulia na kushoto. Alipotoa ya kushoto, macho yake yalikutana na mbwa. Hakuinuka.

"Anaogopa fimbo," akasema.

"Hapa hapana fimbo, Baba. Tafuta."

"Basi anaogopa nini?"

"Haogopi. Ngoja."

Nikaenda nyuma ya banda nikavaa kisutu. Nikakaa chini. Katani akainuka, akazunguka mbali na msala, akaja kunilaza taya juu ya goti na kunipa shingo yake, kovu kwa nje. Nikamshika. Kisha nikaenda kwenye jiwe, nikavua, nikaosha, moja kwa udongo, nikajitanda kanga safi. Kata ya mwisho ilipomwagika, akajivuta nyuma mpaka ukingoni.

"Rudia," Baba Mdogo akasema.

Nikarudia. Maji yakaisha kwenye debe, Shomari akaenda kuteka mengine bila kutumwa.

"Wanangu wa kuzaa," Baba Mdogo akasema, "nimewaambia tangu wana meno ya utoto wasipite mbele yangu ninaposwali. Mpaka leo wanapita, na mmoja ana ndevu." Akaukunja msala, akaupiga vumbi ambalo halikuwapo. "Nani alimfundisha?"

"Hakuna, Baba. Alikuwa anatazama tu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Subhanallah," akasema, kwa sauti ya mtu aliyesimama mbele ya kitu kikubwa. Kisha akamwita Rehema, aliyekuwa mlangoni na mzigo kichwani. "Kafungue mzigo huo. Halafu uniletee chai."

Hakulizungumza tena jambo lile. Rehema aliolewa akitokea nyumba ile, Shomari na Hamisi walisoma wakitokea nyumba ile. Hawakugawanywa.

Katani alipopona kabisa alikwenda Makurunge kwa Mzee Dihenga, Mkwere aliyekuwa na shamba kubwa la mahindi na nyani wasio na adabu. Ndivyo ilivyopaswa, kwangu walipita tu. Mkiwa walezi mtaumia siku ile ya kukabidhi, na mkiona haiwaumi, tafuteni kazi nyingine. Mzee Dihenga alikuwa akinipelekea salamu kwamba mbwa anafukuza nyani mpaka mtoni.

Miaka ya sabini ilikuwa inakaribia mwisho nilipoalikwa Makurunge kwenye harusi ya binti yake. Nilikuwa na doti mpya ya kanga, sikwenda kikazi. Katani alikuwa amelala nyuma ya jiko, macho yameingia ukungu, haoni tena. Aliinua kichwa kabla sijasema neno. Akaja akinusa, miguu haimsaidii, mkia unatikisa mwili wote. Akafika mkono mmoja kutoka kwenye upindo wa kanga yangu, akanusa doti mpya. Akalala chini, akageuza mdomo wake pembeni.

Nilimwita. Hakuja. Kisutu hakikuwapo, na yeye alikuwa anaijua sheria ya nyumbani kwetu vizuri kuliko wageni wote wa harusi ile.

Basi nikaenda mimi. Nikachuchumaa na doti yangu mpya, nikampa kiganja mdomoni. Alisita, kama anayeuliza, kisha akakilamba, mara nyingi. Mke wa Mzee Dihenga alikuwa akitazama. Akaniletea maji na kata bila kuombwa. Nikachimba udongo kwa vidole vyangu, nikaosha polepole, kata baada ya kata, naye akisikiliza. Maji ya mwisho yalipoanguka chini, akajivuta nyuma kidogo, akanipisha.